Mlima Shengena Nimeukuta Nairobi

Msomaji wangu, ukifika Nairobi usiishie madukani. Uliza Makumbusho ya Reli, yako karibu na stesheni kuu, na milango yake ilifunguliwa mwaka 1971. Lipa kiingilio, litazame behewa ambamo simba alimkamata Inspekta Ryall pale Kima mwaka 1900 (usiku wake ukilala usiote!), kisha toka nje uwanjani. Huko kuna jitu.

Ni injini ya mvuke aina ya Garratt, daraja la 59. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, iliunda 34 za namna hiyo kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1950. Uzito wake tani zipatazo 250, urefu zaidi ya mita 31, na yote hayo juu ya reli yenye upana wa mita moja tu! Kila moja ilipewa jina la mlima. Hapo makumbusho ziko mbili: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Sisi Wapare Shengena tunaujua, ndio mlima mrefu kuliko yote kwetu. Sasa mimi wa Same naukuta umeegeshwa Nairobi, jamani.

Sikwenda kushangaa tu. Nyumbani nilikuwa naunda injini hiyo hiyo, ila ndogo mara 87, kutoka kwenye boksi la vipande vya chuma lililotoka Uingereza. Namuundia baba yangu mdogo. Yeye alikuwa msaidizi wa dereva kwenye Garratt, njia ya Mombasa na Nairobi, hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akarudi kijijini. Macho yake sasa yamefifia, anaona kwa vidole. Nikampa bomba la moshi alishike. Akalipapasa, akalirudisha mezani.

"Hili si letu, mwanangu. Letu lilikuwa bapa."

Karatasi ya maelekezo ilionyesha la duara. Nimwamini nani? Nikapanda basi na tepu yangu ya kupimia.

Basi, mzee alikuwa sahihi. Injini hizi zilitoka kiwandani na bomba la duara, lakini baadaye zikafungiwa mtambo wa Mwaustria mmoja, Giesl-Gieslingen. Mvuke uliokwisha kufanya kazi hutokea kwenye mirija midogo iliyopangwa mstari mmoja, ukauvuta moshi vizuri zaidi, ndiyo maana bomba likawa refu na jembamba. Boksi langu lilifuata mchoro wa mwanzo. Nikapima bomba, nikapima ngazi, nikahesabu hata misumari ya ribiti mpaka mlinzi akaniuliza kama nataka kuinunua.

Kazi yenyewe si ya mtu mwenye haraka. Sehemu kubwa ni bati jembamba la shaba ya njano, unakata kipande, unakunja kwenye mfereji uliochorwa, unalehemu kama fundi redio. Vile vingine vimemiminwa kwa madini meupe laini, na hivyo ukivigusa na moto ule ule vinayeyuka kama siagi, lazima lehemu ya moto mdogo. Ribiti nilizigonga kwa ncha ya msumari kutoka upande wa nyuma. Vishikio vya boksi vilikuwa vinene kama mipini ya jembe, nikavitupa, nikaweka waya.

Kinachosumbua zaidi ni kiuno. Garratt ina injini mbili, moja mbele moja nyuma, na bwela limening'inia katikati juu ya egemeo mbili. Ndiyo inayoliwezesha jitu kupinda kwenye kona. Ukikaza egemeo mno, magurudumu yanaruka reli. Ukilegeza mno, bwela linayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Nimetumia jioni tatu hapo.

Bomba bapa nimelichonga kwa bati lililobaki. Nilipompelekea baba mdogo alilishika muda mrefu, akateremka kwa kidole hadi mlango wa chumba cha dereva, akauliza kiti chake kiko wapi. Hakikuwemo kwenye boksi. Nimeshaanza kukiunda, rangi ya damu ya mzee itasubiri.