Wanaokujua na Wasiokujua

Nilipokuwa nakua Litapunga, ambayo leo iko mkoani Katavi, miaka ya 1980 na 1990, sikuwahi kumsikia mtu akimwuliza baba yangu amesoma wapi. Baba alikuwa fundi mwashi. Aliyetaka kujenga alifika nyumbani jioni, akakaribishwa kiti, zikapita salamu na habari za mvua, kisha akasema, "Mzee, nimeiona nyumba uliyomjengea shemeji yangu. Na mimi naomba unisaidie." Mengine yote yalikuwa ni kupatana bei. Nyumba ya shemeji ilitosha kumdhamini baba, na kila mpita njia aliweza kuikagua: pembe zimesimama wima, kuta zimenyooka, mlango haukwami hata masika yakishika.

Siku hizi fundi kijana wa kwetu akitafuta kazi ya maana anaulizwa cheti. Mwenzake aliyetoka chuo kikuu na shahada mkononi naye anaulizwa uzoefu wa miaka mitatu. Wote wawili wanarudi nyumbani wamekunja uso, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye aliyebahatika. Mimi ni mtoto wa fundi niliyesomea uhandisi, kwa hiyo nimekaa kwenye benchi zote mbili. Tunabishana kuhusu shahada na uzoefu kana kwamba kimoja kina uzito zaidi ya kingine daima. Kwa nilivyoyaona mambo yakibadilika katika familia yetu, uzito wa kila kimoja hutegemea anayetoa kazi: anakujua, au hakujui?

Babu yangu alifanya kazi katika mgodi wa Mukwamba, Mpanda, chini ya kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi huo, hasa risasi iliyokuwa ikichimbwa humo, ndio ulioleta reli ya Kaliua hadi Mpanda, iliyokamilika mwaka 1950. Kazi ya babu ilikuwa kuweka magogo ya kuzuia mwamba usiporomoke juu ya wachimbaji. Kabla ya watu kuingia, alitangulia na mtaimbo akigonga paa la handaki. Mwamba mzima ulijibu kwa mlio mkali. Uliolegea ulitoa sauti nzito, ya chini, kama ya mtungi wenye ufa. Hakusomeshwa hayo na mtu. Aliyajua kwa kukaa chini ya ardhi miaka mingi na watu waliokaa humo kabla yake, na wapo waliotoka salama kwa sababu ya sikio lake.

Uhuru ulipofika mwaka 1961, mgodi ulikuwa umeshafungwa. Wasimamizi waliomjua babu walipanda treni wakaenda zao, na wao ndio waliokuwa mashahidi wake. Ujuzi haukumtoka, lakini hapakuwa na karatasi ya kumwambia mwajiri wa mgodi wa Geita kwamba mzee huyu asikilizwe anapogonga mwamba. Akarudi shambani, akalima mahindi na karanga mpaka mwisho. Mara nyingi nimejiuliza maisha yake yangekuwaje kama mtu mmoja mwenye mamlaka angekaa naye siku mbili, akampima, akaandika alichokiona.

Kizazi kilichofuata kilikutana na taifa lililojaribu kuipanga upya mizani hiyo. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na mwezi Novemba 1974 TANU ikapitisha Azimio la Musoma. Wengi tunalikumbuka azimio hilo kwa elimu ya msingi kwa wote, tunasahau upande wake wa pili: kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alitakiwa apite Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, ndipo aombe nafasi akiwa na barua ya mwajiri wake na ya tawi la TANU.

Mjomba wangu alipita njia hiyo. Baada ya jeshi alipangiwa kazi kwenye chama cha ushirika, akawa anapima tumbaku ya wakulima na kuandika malipo yao. Alipofika chuo kikuu, Mlimani, kusoma uchumi, alisema, mwalimu alipotaja bei ya mazao yeye aliona nyuso za watu, aliona foleni ya marobota alfajiri, aliona mkulima anayeondoka na deni la mbolea badala ya fedha. Kozi aliielewa kwa namna ambayo mtu aliyetoka shule kwenda shule asingeielewa. Lakini utaratibu huo ulikuwa na walioumia. Wasichana walipungua chuoni, kwa sababu katika ile miaka ya kusubiri wengi waliolewa, na baada ya miaka michache ikabidi waondolewe sharti hilo. Baadaye utaratibu wote ukaachwa. Mimi bado nauheshimu kwa hoja yake kwamba kazi yaweza kutangulia shahada na ikaifanya shahada kuwa bora zaidi.

Majirani zetu wa Katumba walitufundisha upande mwingine wa jambo hili. Makazi yale yalifunguliwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Walikuja na mafundi wa kila aina, maseremala, waashi, washonaji, na walikuwemo waliosoma kwa Kifaransa ambao karatasi zao hazikuwa na pa kuzipeleka. Mkimbizi hakutoka nje ya makazi bila kibali. Fundi angeweza kutengeneza kabati ambalo duka lolote la Mpanda mjini lingelikimbilia, lakini kulifuata soko la mjini kulimdai karatasi kwanza. Mwaka 2014 wakimbizi wa 1972 wapatao 162,000, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walipewa uraia wa Tanzania. Mikono ya yule seremala ilikuwa ileile ya jana yake. Kilichoongezeka ni cheti cha uraia, na kwa hicho alipanda basi akaenda kutafuta kazi popote nchini. Anayedai karatasi haina maana angezungumza na watu wa Katumba kwanza.

Mimi niliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005, mwaka uleule Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilipoanza kazi. Bila mkopo huo, mtoto wa fundi kutoka Litapunga asingesoma uhandisi. Nilipomaliza nilidhani nimekuwa mhandisi. Sheria ikaniambia subiri. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, haimsajili mhitimu kuwa mhandisi mtaalamu kwa shahada peke yake. Tangu 2003 ina mpango wa miaka mitatu ambapo mhitimu anafanya kazi chini ya mhandisi mzoefu, anaandika kila anachokifanya, na kazi yake inakaguliwa. Nimeshika vyeti vingi, na ninachokithamini zaidi ya vyote ni lile daftari la kazi lililojaa saini za watu walionisimamia kwenye vumbi.

Katika miaka hiyo ndipo mimi na baba tulipokaa kama watu wa kazi moja. Zilikuwapo nyumba alizojenga karibu na mbuga ambazo zilipasuka, nyufa zikianzia kwenye kona za madirisha na kupanda kwa mshazari. Baba aliamini ni saruji mbovu. Kila kiangazi alikwenda kuziba nyufa bila kudai senti, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye kuta zile, na kila masika zilifunguka upya.

Nilichota udongo mweusi wa pale, nikaulowesha, nikauviringisha kiganjani kama tulivyofundishwa maabara, mpaka ukawa uzi mwembamba wa milimita 3. Haukukatika. Nikamweleza kwamba udongo wa namna hii hunywa maji masika ukavimba, kiangazi ukasinyaa na kupasuka, na msingi mfupi unapanda na kushuka pamoja nao. Saruji haina kosa. Baba akauchukua, akauviringisha yeye, uzi wake ukatoka mwembamba kuliko wangu. Akautazama kwa muda mrefu.

"Huu ni udongo wa vyungu," akasema. "Mama yangu alikuwa akiufuata mbali. Tunajenga nyumba juu ya udongo wa vyungu!"

Kisha akafanya jambo ambalo chuo hakikunifundisha: alikwenda kuwauliza wanawake wazee waliowahi kufinyanga ni wapi na wapi walikuwa wakichimba. Kwa majibu yao akaijua ramani ya udongo mbaya wa eneo letu ambayo hakuna ofisi iliyokuwa nayo. Tangu hapo, akipewa kiwanja cha namna hiyo, aliuchimba ule udongo mweusi mpaka afikie ardhi ngumu, akajaza moramu na kuishindilia, akafunga mkanda wa zege lenye nondo chini ya kuta, na kuhakikisha maji ya bati hayaangukii msingini. Nyumba hizo zimesimama.

Somo la siku zile ndilo ninalolirudia kwa wanafunzi wanaonitembelea. Uzoefu hukufundisha yale uliyobahatika kukutana nayo na kuelewa chanzo chake. Unaweza kurudia jambo miaka thelathini bila kuijua sababu yake. Elimu ya chuo hukuletea yale yaliyowapata watu wengine, mahali pengine. Lakini haikuletei ramani ya mbuga ya kwenu.

Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa kamili, ikitengwa na Rukwa, na eneo letu la Nsimbo likapata halmashauri yake. Zikaja ofisi, miradi, magari, watumishi kutoka kila pembe ya nchi; baadaye lami ikatuunganisha na Tabora. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Ila watoaji wa kazi kubwa sasa walikuwa watu wasiotujua. Ofisa aliyetoka Moshi au Lindi hana shemeji Litapunga wa kumwonyesha nyumba. Anahitaji kitu cha kumwambia fundi huyu ni nani, na anacho kimoja tu: karatasi.

Hapo ndipo uzito wa cheti ulipoongezeka kwetu, na nchi nzima ilikuwa inaelekea huko. Waraka wa serikali ulikuwa umeshaweka kidato cha nne kuwa kima cha chini kwa waajiriwa wapya kuanzia tarehe 20 Mei 2004. Mwezi Aprili 2017 Rais John Magufuli akapokea ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kughushi ni kosa, na silitetei. Lakini wimbi lile liliwazoa pia watu wa darasa la saba ambao hawakumdanganya mtu. Dereva mmoja, jirani yetu, aliyewabeba wagonjwa usiku kwenye barabara za matope tangu sisi tukiwa wadogo, aliondolewa kazini. Mwezi Aprili 2018 serikali iliagiza watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kabla ya ile tarehe ya 2004 warejeshwe, naye akarudi kwenye usukani. Kijiji kizima kilisherehekea, kwa kuwa kijiji kizima kilimjua. Makao makuu yalimjua kwa jalada tu.

Mdogo wangu ndiye aliyerithi mwiko wa baba. Mwaka 2021 nchi ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa kupambana na UVIKO, kazi zilifanywa kwa utaratibu wa force akaunti, yaani mafundi wa hukohuko, na mafundi wa vijijini walionja kazi za serikali. Kisha ununuzi wa umma ukahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, na mafundi wakaambiwa wajisajili. Mdogo wangu alikuwa na bahati ya kuwa ameshapitia urasimishaji wa ujuzi wa VETA, unaomtambua mtu aliyejifunzia kazini. Mpimaji alimkuta kwenye kazi, akamtaka apandishe kona ya ukuta mbele yake, akamhoji kuhusu vipimo vya zege, akamwonyesha mapengo yake. Mdogo wangu akafundishwa yaliyopungua, kisha akapewa cheti. Siku alipokileta nyumbani baba alikishika kwa mikono miwili, akakisoma mstari kwa mstari.

Ningependa kuona mpango huo ukifika kila kijiji cha Nsimbo, tena ukiwafuata mafundi walipo badala ya kuwasubiri mjini. Ningependa pia kila mhitimu anayekaa nyumbani na shahada apewe fundi mzee wa kumshika mkono, jinsi wahandisi tunavyofanyiwa. Na mkondo wa amali ulioanza sekondari mwaka 2024 uwaite mafundi wetu madarasani wakafundishe. Haya yanawezekana kwa bajeti ya kawaida, kwa kuwa wanaohitajika wapo tayari.

Na kijana anayeniuliza asome shahada au aanze kazi, namjibu kwa swali: unataka kufanya kazi na akina nani? Ukitaka kuishi kwa kazi ya watu wanaokujua, anza na mikono, na jina lako litakutangulia. Ukitaka kwenda kwa wasiokujua, chukua karatasi, maana huko hawana njia nyingine ya kukuamini. Lakini usikae upande mmoja maisha yote. Aliyeanza na mikono aitafute karatasi kabla wanaomjua hawajaondoka, na aliyeanza na karatasi awatafute watu watakaomjua kwa kazi yake.