Nani Akate Laini

Jumamosi, 1 Novemba 2003
Waya umepatikana Darajani, mita kumi na tano. Nilimkumbusha fundi kwamba unatoka kompyuta hadi kompyuta, hakuna kisanduku katikati, kwa hiyo jozi ya machungwa na ya kijani zipishane upande mmoja tu. Akanitazama kama mpishi anayefunzwa kuosha mchele. Baada ya futari nimeupitisha juu ya milango mpaka chumbani kwa kijana. Kompyuta yangu ndiyo yenye modemu, imejipa 192.168.0.1 na yake ikaipa anwani bila mimi kuandika kitu. Nimechekelea peke yangu.

Jumapili, 2
Modemu imeandikwa 56K. Laini yetu ikikubali 31,200 tunashukuru, na hapo megabaiti moja ni kama dakika tano, tena ukiwa peke yako. Kijana akishusha wimbo, barua zangu zinatambaa.
“Baba, nipigie.” Napiga.
Akimaliza, hasemi. Leo laini imekaa wazi dakika arobaini na haina mtu. Dakika hizo nazilipia mimi.

Jumatatu, 3
Nimetia tiki mbili katika Windows XP. Ya kwanza: kompyuta yake ikitaka intaneti, modemu ijipigie. Ya pili: yeye naye aweze kupiga na kukata akiwa kwake. Nimekwenda tarawehe roho imetulia.

Jumatano, 5
Saa tisa usiku, hata wa kuamshana daku hawajapita, modemu imeanza: milio ya namba, kisha ile mikwaruzo yake kama bati linaburutwa. Mama katoka na tasbihi mkononi.
“Nani anapiga simu saa hizi?”
Hakuna mtu. Kijana amelala fofofo, kompyuta kaiacha inawaka, na programu yake ya kuzuia virusi imekumbuka kwenda kuulizia habari mpya. Imeomba, modemu ikatii. Nimechomoa waya wa simu ukutani.
“Tieni kufuli,” kasema Mama. Simu yetu ya zamani, ile ya kuzungusha, ilikuwa na kikufuli kwenye duara la namba, na ufunguo aliufunga yeye kwenye pindo la kanga.

Alhamisi, 6
Dada kapiga kutoka Muscat, amekasirika. Tangu magharibi ya kwao, namba yetu inatumika tu. Alidhani kuna msiba, watu wanapigiana simu.

Ijumaa, 7
Tiki ya kwanza nimeiondoa. Modemu haitapiga tena mpaka mtu abonyeze kwa kidole chake. Ya pili imebaki, ingawa ningependa kijana aweze kukata asiweze kupiga. Haiwezekani: ruhusa ni moja, anayekata ndiye anayepiga. Tumekubaliana ni baada ya tarawehe tu, na saa ya mezani ihamie kwake.

Jumamosi, 8
Saa nne na nusu usiku Mama, chumbani kwake, kanyanyua mkonga ampigie Dada kumtuliza.
“Alo? Alo? Mbona inavuma?”
Kelele ikatoka chumba cha pili. Faili la megabaiti nne, kafika asilimia tisini na moja.
“Baba, nani kakata?”
Sikujibu. Mama alikuwa ameshaanza kuzungumza na Muscat.