Namba 177
Aprili 2023, Los Angeles Rams walimchukua Puka Nacua, mpokeaji chipukizi, akiwa mchezaji wa 177. Kwenye ligi yetu ya fantasi mimi huwapima chipukizi kwa namba hiyo tu: kama timu yake yenyewe ilisubiri hadi raundi ya tano, mimi nimwamini kwa lipi? Nikampita. Sikujiuliza mipira atarushiwa nani Cooper Kupp akiumia.

Mdogo wangu alijiuliza. Tangu mazishi ya baba tulikuwa hatusemezani. Tulibaki kwenye ligi moja, kimya.

Mechi ya kwanza, Kupp majeruhi, Nacua akadaka mipira 10, yadi 119. Usiku ujumbe ukaingia: "Shikamoo kaka. Umemwona kijana wangu?"

"Marahaba," nikaandika. "Nimemwona."