Betri Iliyonifundisha Hesabu

Siku nilipomaliza kuuweka umeme wa jua nyumbani mwangu, nilijivuna sana. Paneli ya wati 50 niliifunga mwenyewe juu ya mabati, nikashusha nyaya hadi kwenye betri ya gari ya volti 12. Taa tatu zikawaka. Moshi wa koroboi ukakoma kuwaumiza watoto macho.

Kisha tamaa ikaniingia. Majirani walileta simu, nami nikazitia umeme kwa malipo, simu 20 kila siku. Haikupita miezi minne. Usiku wa kuamkia mtihani wa Serikali, taa zote zikazimika. Binti yangu akasoma kwa mshumaa.

Aliporudi kutoka mtihani, alishika chaki. «Baba, tuhesabu. Jua kali kwa muda wa saa 4 hutupatia wati-saa 200. Simu 20 huzimaliza zote. Taa zetu zataka 60. Zitoke wapi?»

Nikanyamaza. Zilitoka katika akiba ya betri. Nayo betri ya gari imefanywa kwa kuwasha mtambo, si kwa kukamuliwa hadi tone la mwisho. Ikikaushwa mara kwa mara, hufa.

Niliuza mbuzi wawili ili ninunue nyingine. Sasa twapokea simu 5 tu, na hesabu ya binti yangu ingali ukutani. Ndugu zangu, jua halidai malipo, lakini betri haisamehe mlafi.