Tangu Mgonjwa Alipoanza Kuulizwa

Kwa kizazi chetu, hospitali za magonjwa ya akili zilikuwa matusi kabla hatujajua kuwa ni hospitali. Tanzania Bara, mtoto aliyefanya vituko aliambiwa atapelekwa Mirembe. Nairobi aliambiwa Mathari. Unguja, Kidongo Chekundu. Nikizirudia kumbukumbu hizo leo, utani wenyewe haunishtui sana kama kile kisichokuwemo ndani yake. Tulijua jinsi mtu alivyoshikwa akapelekwa, ndugu walivyohangaika kutafuta nauli, na kwamba amerudi amenenepa au amekuwa mzito wa kusema. Alivyolala huko, dawa alizopewa, nani alimsemesha vizuri na nani alimsukuma, hayo hayakuwa sehemu ya habari. Hakuna aliyemuuliza. Naye alijua fika kwamba akianza kueleza, maelezo yake yatachukuliwa kuwa dalili kwamba bado hajapona.

Siku hizi swali hilo linaulizwa, japo kwa kusuasua. Watafiti huingia wadini na karatasi zao, hospitali huweka masanduku ya maoni, na wizara za afya huzungumzia kuridhika kwa mgonjwa bila kumbagua wa akili na wa malaria. Watu wengi, wakiwemo wauguzi na madaktari wenye moyo mwema, huliona hilo kuwa suala la adabu tu: mgonjwa naye aulizwe, kama anavyoulizwa mteja wa benki. Mimi naliona kuwa suala la tiba. Hospitali ya akili isiyomuuliza mgonjwa wake anavyoiona huduma inakosa taarifa ambayo haipatikani kwenye damu, kwenye picha ya ubongo wala kwa ndugu aliyemleta. Ikiikosa taarifa hiyo, inatibu vibaya. Historia ya hospitali zetu inalionyesha jambo hili waziwazi kuliko nadharia yoyote.

Chukua Mathari. Jengo lililokuwa la kuwatenga wagonjwa wa ndui ndilo lililogeuzwa mwaka 1910 kuwa mahali pa kuwahifadhi wenye wazimu, na mwaka 1924 likapewa jina la Mathari. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na J. C. Carothers, daktari wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na humo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Ubaguzi wa dai hilo umeshasemwa sana, na ulistahili kusemwa. Lakini kuna dai lake jingine ambalo kwangu lina funzo kubwa zaidi: kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Jiulize ni nani aliyekuwa akipelekwa Mathari. Ni aliyevunja vitu, aliyevua nguo barabarani, aliyemrukia jirani kwa panga. Mama aliyekosa usingizi miezi mitatu baada ya kujifungua, akilia kimyakimya jikoni, hakuna polisi aliyekwenda kumchukua. Daktari aliwahesabu waliomo wadini akadhani ameihesabu jamii. Ilipofika 1963, matokeo ya utafiti uliofanywa Nigeria na Thomas Adeoye Lambo pamoja na wenzake kutoka Marekani, waliokwenda hadi vijijini kwa Wayoruba na kuwauliza watu wenyewe, yalionyesha kuwa dalili za sonona zilikuwa tele. Ugonjwa ulikuwepo miaka yote. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Kisha zikaja dawa. Klopromazini ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952, na katika miaka iliyofuata ikaenea duniani, ikafuatiwa na haloperidoli na ile sindano ya flufenazini ambayo wagonjwa wetu wengi wanaijua kwa jina la sindano ya mwezi. Sitazibeza dawa hizi. Zimewarudisha watu wengi mashambani, madukani na kwa watoto wao. Ila zilikuja na kishawishi kibaya. Wadi zilinyamaza, na ukimya ukahesabiwa kuwa nafuu. Ndani ya ukimya ule kulikuwa na watu ambao shingo zimekakamaa na kupinda, mate yanawatoka, ulimi mzito. Wanaume ambao nguvu zimewaishia, wanawake ambao hedhi imekatika na maziwa yanatoka bila mimba wala mtoto. Lipo tatizo moja ambalo nalitaja peke yake kwa sababu linaubeba mzigo wote wa hoja yangu. Dawa hizi huweza kumletea mtu hali ya kutotulia miguuni: anakaa, anainuka, anatembea kutoka ukutani hadi dirishani, anarudi, hawezi kulala. Kwa anayemtazama kutoka mlangoni, huyu ni mgonjwa aliyeanza fujo, na fujo hutibiwa kwa kuongeza dozi. Dozi ikiongezwa, miguu inazidi. Mtu pekee awezaye kusema kwamba hii siyo ile hali iliyomleta, bali ni sindano ya juzi, ni mgonjwa mwenyewe. Akiulizwa, dozi inaweza kupunguzwa, dawa ikabadilishwa, au akaongezewa nyingine ya kupunguza madhara. Asipoulizwa, atasubiri ruhusa, atakwenda nyumbani, na tarehe ya kliniki haitamwona. Baada ya miezi michache atarudishwa akiwa hoi, na kwenye faili itaandikwa kwamba aliacha dawa.

Tanzania ilijaribu njia iliyonyooka zaidi mapema kuliko nchi nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vilianza kuanzishwa vijiji ambako waliopata nafuu waliishi, wakalima na kufuga wakiwa karibu na mhudumu wa afya, badala ya kuzeekea wadini. Katika miaka ya 1980 mpango wa taifa wa afya ya akili ulianzia Morogoro na Kilimanjaro, ukaipeleka huduma ya akili kwenye zahanati na vituo vya afya. Ilikuwa hatua kubwa, na nasikitika kwamba inakumbukwa kidogo sana. Hata hivyo, hata katika mfumo huo, aliyeulizwa zaidi alikuwa ndugu. Hadi leo ukikaa kwenye benchi la kliniki utaisikia: mgonjwa ameketi katikati, mama au kaka pembeni, na daktari anauliza juu ya kichwa cha mgonjwa, “Anaendeleaje?” Ndugu anajibu kwa nia njema: analala, anakula, hatukani tena watu. Hayo yote ni mambo yanayomhusu ndugu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ndugu, kwa mapenzi yake yote, hajakilalia kile cha wadini.

Asiyeulizwa kwa maneno wakati mwingine hujibu kwa miguu. Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari kwa mkupuo. Ukilitazama tukio hilo kwa jicho la ulinzi, utauliza kuhusu ukuta na walinzi. Ukilitazama kama jibu la swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza ipasavyo, utaanza kuuliza juu ya msongamano, dawa na muda ambao mtu huketi bila kazi wala mazungumzo. Miaka miwili kabla yake, tume ya taifa ya haki za binadamu ya Kenya ilikuwa imeshatoa ripoti nzima kuhusu hali ya huduma za afya ya akili nchini humo. Hakuna anayeweza kusema kwamba jambo lile lilizuka ghafla.

Hapo ndipo ninapokutana na wanaosema kwamba vipimo vya kuridhika havina maana. Hoja yao ya kwanza ni nzito, na sehemu yake naikubali. Kipimo kimoja kinachotumika sana duniani kilitungwa Marekani na kuchapishwa mwaka 1979: maswali manane, kila moja na majibu manne ya kuchagua, alama kuanzia 8 hadi 32. Mahali pengi kinapotumika, alama huwa juu, hata katika wadi ambayo mgeni angeingia na kutoka mbio. Basi, wanauliza, kina faida gani? Najibu kwamba kasoro iko katika namna ya kuuliza. Mgonjwa anayesubiri ruhusa hawezi kumwambia mwenye kalamu ya ruhusa kwamba uji ulikuwa maji matupu. Halafu kwetu kuna shukrani tuliyolelewa nayo: aliyekupokea ukiwa taabani humsemi vibaya mbele yake. Na kuna jambo la tatu, linaloniuma zaidi, nalo ni matarajio duni. Aliyewahi kufungwa kamba nyumbani au kufungiwa kwa mganga miezi kadhaa, akilala kitandani bila kupigwa atasema ameridhika, na atakuwa anasema kweli. Swali la “umeridhika?” halifiki mbali. Yapo maswali yanayofika. Ulielezwa dawa hii itakufanyaje? Ulipofungiwa peke yako, kuna aliyekuja kukwambia kwa nini, na kwa muda gani? Unalijua jina la ugonjwa wako? Hapo alama hushuka, na kila zinaposhuka panaonekana pa kuanzia kurekebisha.

Hoja ya pili ni ya kale: mgonjwa wa akili hajui hali yake, hasa aliyeletwa kwa nguvu, kwa hiyo maoni yake ni sehemu ya ugonjwa. Kwa mtu aliye katikati ya kuchanganyikiwa, siku ile ya kwanza, hilo laweza kuwa kweli kwa sehemu. Lakini ugonjwa hupanda na kushuka, na wengi wa waliomo wadini hawako kwenye kilele chake. Utafiti uliochapishwa 2010 uliwafuatilia watu waliolazwa bila hiari katika nchi 11 za Ulaya. Baada ya mwezi mmoja, kati ya asilimia 39 na 71, kutegemea nchi, walisema kulazwa kwao kulikuwa sahihi. Baada ya miezi mitatu, kati ya 46 na 86. Zitazame namba hizo vizuri. Kama maoni ya mgonjwa yangekuwa wazimu mtupu, wote wangeendelea kukataa. Na kama kulazwa kwa nguvu kungekuwa kitu kilekile popote, nchi hazingepishana kiasi hicho. Watu wanayo hukumu yao, na hukumu hiyo inabadilika kulingana na mahali walipotibiwa. Utafiti uliofanywa Marekani katika miaka ya 1990 unaongeza jambo moja: waliohisi kwamba walisikilizwa na kutendewa kwa haki wakati wa kulazwa hawakujiona wamelazimishwa sana kama wenzao, hata pale ambapo sheria ilitumika kuwalaza. Kusikilizwa hakukuzuia kulazwa. Kulibadilisha kulazwa kukawa kitu kingine.

Wa tatu ni wale wanaosema sisi ni maskini. Madaktari bingwa wa akili ni wachache mno, nesi mmoja usiku ana wadi nzima, dawa zinakatika. Kuulizana juu ya kuridhika ni anasa ya wenye nacho. Nawaheshimu wasemao hivi kwa sababu wengi wao ndio wanaokesha na wagonjwa. Ila naomba tuutazame utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003. Katika kliniki za kawaida, watu 24 katika kila 100 walikuwa na matatizo ya akili ya kawaida kama sonona na wasiwasi. Kwa waganga wa jadi walikuwa 48. Mganga hana bajeti ya wizara. Mwenye maumivu hayo humwendea, kwa maoni yangu, kwa sababu humpa muda, humuuliza tangu mwanzo, na humpa jina la kinachomsumbua, hata kama jina hilo ni la jini. Sisemi mganga anatibu vema. Baadhi ya minyororo mibaya zaidi iko kwake. Nasema kwamba mtu maskini hulipa fedha yake ya mwisho mahali anaposikilizwa. Kitu hicho hakinunuliwi kwa fedha za kigeni, na hospitali isiyokitoa inawapoteza wagonjwa kabla hawajafika getini.

Sheria nazo zimesogea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa 2006. Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani, lilelile lililomchapisha Carothers, lilitoa mwongozo wa kukagua hospitali za akili, unaotaka watu waliowahi kuwa wagonjwa wawemo katika timu ya wakaguzi. Marekebisho ya sheria ya afya ya akili ya Kenya ya 2022 yanampa mgonjwa haki ya kuelezwa na ya kushiriki kupanga matibabu yake. Kutoka kitabu kile cha 1953 hadi hapa ni safari ambayo waliolazwa zamani wasingeiota.

Kilichobaki ni kazi ya kawaida ya wadini, na nadhani inawezekana kwa tulichonacho. Swali lisiulizwe na nesi wa zamu siku ya kuruhusiwa, bali mwezi mmoja baadaye, kwenye kliniki au kwa simu. Aulize mtu aliyewahi kulazwa. Kenya na Tanzania zote zina vyama vya watu waliopitia ugonjwa wa akili, na wanachama wake wanajua hata yale ambayo mtafiti hafikirii kuyauliza. Aulize mgonjwa akiwa peke yake, ndugu akisubiri nje. Majibu yasomwe katika kikao cha hospitali, na mfamasia awepo, kwa sababu mengi yatahusu dawa. Kisha lililobadilishwa libandikwe kwenye ubao wa wadi, kwa Kiswahili, mahali ambapo aliyelalamika akirudi siku ya sindano atalisoma.