Mtetemo wa Simu ya Shangazi

Ndugu zangu wasomaji, kosa la mwalimu halifai kufichwa ikiwa katika kulieleza mna mafundisho. Nami nilikosa nyumbani kwangu kwa jambo ambalo wengi hawalijali, nalo ni mtetemo wa simu.

Siku moja nilikuwa nikiwasalisha wanafunzi wangu Alasiri. Simu nilikwisha kuizima sauti, nikadhani nimesalimika. Kumbe mtetemo ulibaki. Ikaanza kutetemeka mfukoni, nami nikapotewa na hesabu ya rakaa mbele ya watoto. Niliporudi nyumbani nikamwamrisha mwanangu azime mtetemo wote katika simu zote za nyumba.

Siku ya pili, baada ya Magharibi, nikamkuta shangazi yangu ameketi juu ya msala, simu i mapajani.

“Mwanangu, simu hii imekufa?”

“La, shangazi, ni nzima.”

“Basi mbona hainijibu?”

Shangazi ana mtoto wa jicho, na vidole vyake vimekakamaa, hawezi kuvuta tasbihi ya shanga. Simuni mwake mna programu ya kuhesabia nyuradi. Kila agusapo, hutetemeka kidogo. Ifikapo 33, hutetemeka zaidi, naye akajua kuwa Subhana-llahi imetimia, aingie katika Alhamdu lillahi.

“Ungeniuliza kwanza,” akasema, wala hakuongeza neno. Nikaona haya kuliko kama angenikaripia.

Mwanangu akaifungua mipangilio ya simu ile, akanionyesha kuwa mtetemo wa kupigiwa una swichi yake, wa ujumbe una yake, na wa kugusa kioo una yake. Tena programu iliyotengenezwa vyema huwa na swichi ya mtetemo ndani yake yenyewe. Basi mimi nilikuwa nimefunga mlango mkubwa wa nyumba, hata chumba cha shangazi kikafungika pamoja. Tukamfungulia mtetemo wa kugusa, wa ujumbe tukauacha umezimwa, naye akaridhika.

Lakini katika simu yangu mna mchezo wa watoto usio na swichi hiyo. Kila waugusapo, simu hutetemeka. Ama nivumilie, ama niuzime mtetemo wa kugusa katika simu nzima. Hapo aliyeutengeneza amekosea. Mtetemo unaomwudhi mmoja ndio unaomwongoza mwingine, na ajuaye ni yule aliyeishika simu mkononi. Yafaa kila programu impe mwenyewe uwezo wa kuuwasha, kuuzima na kuupunguza.

Basi, wazee na vijana, tuizime mitetemo yetu wenyewe kabla ya kuingia msikitini, maana kuzima sauti peke yake hakutoshi. Ama simu ya mwenzako, usiiguse kabla hujamwuliza. Huenda kinachokukera wewe ndicho macho yake.

Wallahu aalam.