Hapa Kwetu Hatumalizi na Mbili

Kadi ni mchezo ambao kila Mkenya wa rika langu anaujua, na hakuna wawili wanaoujua sawasawa. Ya msingi hayana ubishi: mbili na tatu zinamlisha mwenzako, joka anakuokotesha tano (na jina limemkaa, maana humeza kweli), jeki inaruka mtu, mfalme anageuza mzunguko, nane na malkia ni maswali yanayotaka jibu. Kabla ya kumaliza useme "niko kadi." Baada ya hapo, kila baraza kuanzia Likoni hadi Msambweni lina katiba yake.

Sina shida na hizo katiba. Mchezo wenyewe umekuzwa na watu waliokuwa wakibadilisha vitu wakiboeka. Shida yangu ni yaliyompata binamu yangu.

Masika moja alikuja Ukunda kutoka Msambweni kutafuta kibarua. Msimu mbaya huo. Kuanzia Aprili watalii wanapungua Diani, hoteli nyingine zinafunga, na vijana wanabaki barazani na pakiti ya karata. Hatukucheza pesa, tulicheza viazi karai: anayebaki wa mwisho ananunulia wote. Binamu akatamka "niko kadi" vizuri kabisa, zamu yake ikarudi, akaangusha saba mbili kwa pamoja, mikono juu. Mwenye baraza akamtazama kwa huruma.

"Hapa kwetu hatumalizi na mbili, ndugu yangu. Zirudishe, okota."

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Akaokota, akabaki wa mwisho, na viazi vya watu watano vikala nauli yake ya kurudi nyumbani. Wengine wakasema kanuni ni kanuni, mgeni aulize. Sasa utaulizaje jambo usilojua kama lipo? Kwao wanamaliza hata na tatu.

Kuna michezo ambayo kanuni za nyumbani ni sehemu ya raha yenyewe. Dungeons & Dragons, iliyotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ina mtu anayeongoza meza: anasimulia, anaamua, na akiona kanuni ya kitabu haifai anaiweka kando. Madaraka yake yanamshinda mwenye baraza letu mara mia. Anaweza kuwa na upendeleo, sawa, lakini hashindani na wachezaji kugombea kitu kilekile. Hana viazi vya kupoteza. Mwenye baraza letu alikuwa na karata tatu mkononi alipoikumbuka sheria yake.

Na usiniambie dawa ni kitabu. Mwaka 2019 UNO wenyewe walitangaza kwamba mtu akikuwekea +4, huwezi kuweka +2 juu yake ili anayefuata aokote sita. Watu mtandaoni wakabisha kana kwamba kampuni ndiyo isiyojua mchezo.

Tulichofanya barazani ni kitu kidogo tu. Siku hizi kabla ya kugawa, kila mtu anasema kwao wanamaliza na ngapi, joka anazuiwa na nini, ree ya shupaza ina nguvu gani. Tunachagua, ndipo karata zinagawiwa. Likizuka jambo ambalo halikusemwa, aliyekwisha kumaliza raundi ndiye anayeamua, kwa sababu yeye keshatoka kwenye viazi. Kama hakuna aliyemaliza, raundi inavunjwa. Mwenye baraza alinuna wiki nzima. "Karata zangu, mkeka wangu," akasema, na ni kweli, ni vyake. Lakini tulipohamia kibarazani kwa jirani na pakiti nyingine, alikuja mwenyewe, akakaa, akasikiliza kanuni kama sisi wengine.

Ree ya shupaza ndiyo bado. Binamu anasema inazuia mara mbili, mimi nasema ree ni ree. Juzi tulibishana mpaka muuza viazi akafunga.